Neno la Mwashi wa Chokaa

Siku ile bosi aliponipa usimamizi wa kazi ya Riyadh, nilipaswa kukataa. Nilisema ndiyo, tena nikasema na ndiyo ya mtu mwingine. Juma lililopita binti wa mtu huyo alinipigia simu kutoka Lamu: baba yake amefariki na amekwisha kuzikwa. Namba yangu aliikuta kwenye daftari la zamani la marehemu, akadhani sisi bado ni marafiki. Sikumsahihisha.

Wasomaji wangu mnaoishi Jiddah mnazijua nyumba za matumbawe za mji mkongwe. Marehemu, fundi mwashi, alizaliwa kwao Lamu katika nyumba za namna hiyo, akaja huku Jiddah kuzikarabati. Kabla ya kushika mwiko aligonga ukuta kwa vidole, akasikiliza. Mimi nilikuwa na kidato cha nne na Kiarabu cha kutosha, kwa hiyo mafundi wote niliwasemea mimi. Aliniita Balozi. "Balozi, kamwambie mkubwa wako chokaa haijalala majini vya kutosha," alizoea kusema, nami nikienda. Jioni alikuja chumbani kwangu mtaa wa Kandara, tukanywa chai, akinicheka kwamba miaka yote ile kazini sikuweza kuchanganya hata ndoo moja ya chokaa isiyopasuka ukutani.

Ndipo bosi akapata kazi Riyadh: kujenga, kwa ajili ya tamasha, mfano wa uwanja wa mji mkongwe wa Ulaya. Alitutaka sote wawili, mimi niwe msimamizi, naye fundi. Mmoja bila mwenzake, halas, hakuna kazi. Akaniambia nimuulize fundi, naye amesimama palepale, mikono myeupe kwa chokaa. Alinijibu taratibu: "Mwambie ukuta huu nimeufungua na boriti zimetoka. Siwezi kuuacha hivi. Nikimaliza nitakwenda." Nikamgeukia bosi nikasema amekubali. Kisha nikamgeukia fundi nikamwambia bosi amekataa kungoja. Hivyo ndivyo nilivyopata usimamizi.

Katika bohari moja la Al-Sulay, huko Riyadh, tulichonga mji mzima kwa lile povu gumu linalokuja na televisheni mpya ndani ya boksi: mnara wa saa, ukumbi wa mji, lango lenye tao. Kazi ya fundi ilikuwa kuyapaka majengo hayo uzee: nyufa na kuvu na masizi. Picha za mji wa kweli zilibandikwa ukutani, na hakuna aliyezitazama kama yeye. Siku moja aliniita anionyeshe, kwenye picha ya lango la kweli, mawe matatu ya rangi tofauti. "Huyu alitia kiraka akakiacha kionekane," alisema. "Hakutaka kumdanganya atakayekuja." Alikuwa akimsifu mwashi aliyekufa zamani, nami nilisimama kando yake nikiitikia kwa kichwa. Akauliza tao letu limebeba nini. Nikamwambia halijabeba kitu. Hakucheka.

Watu husema miji ya Ulaya imedumu kwa sababu wenyewe wana fedha. Labda. Mimi katika picha zile niliona kwamba kila ukuta ulipata mtu wa kubaki nao mpaka amalize, na baada yake mwingine. Ukuta wetu wa Jiddah haukuwa na mtu. Mvua za msimu ule ziliingia pale ulipofunguliwa, na pembe nzima ya nyumba ikaporomoka. Hakuna aliyeumia. Fundi alipopata habari alimwendea bosi mwenyewe, kwa Kiarabu chake cha kuokoteza, akamuuliza kwa nini alimkataza kumaliza. Bosi alishangaa, akamwambia hakumkataza. Aliambiwa na mimi kwamba fundi amekubali kwenda.

Hakunigombeza. Alinikuta nikipanga zamu, akasema, "Kumbe, Balozi, siku zote ulikuwa na nchi yako mwenyewe." Tangu hapo alijieleza kwa mikono, hata kwa daktari, kuliko kunikabidhi neno lake. Mkataba ulipokwisha alipanda basi kituoni Batha bila kuniaga.

Ukikabidhiwa neno la mtu, lifikishe lilivyo, hata kama litakunyima kitu unachokitaka. Usimamizi ule niliushika miaka miwili tu, kisha wakampa mwingine. Namba ya fundi nilikuwa nayo muda wote, na kila mwaka nilijiambia nitapiga kuomba radhi. Sikupiga. Uamuzi wa siku ile ulinigharimu rafiki pekee niliyekuwa naye katika nchi hii, na amekufa akiamini kwamba sikujuta.