Mayai ya Mama Kiini hayaendi nyumbani

Saa mbili asubuhi, jikoni nyuma ya kliniki ya wajawazito, Mama Kiini anamenya yai la thelathini na tisa. Yamebaki ishirini na tano. Vidole vimemwiva kwa moto, lakini hakuna anayeruhusiwa kumsaidia.

"Wengine wanamenya kama wanamkomoa kuku," anasema, akicheka.

Jina la Mama Kiini amepewa na wajawazito wenyewe. Kwa miaka kumi na mmoja amewapikia chakula cha siku ya kliniki, na kila sahani lazima iwe na yai zima. Muuguzi wa hapa anaeleza kuwa kiini kina kolini, kirutubisho kinachosaidia ubongo wa mtoto kukua tumboni, na wajawazito wengi hawakipati cha kutosha.

Zamani aliyagawa na maganda yake. Siku moja mwanamke akaukalia mkoba wake kwenye benchi, yai likapasuka ndani, pah! Siri ikafichuka: mayai yalikuwa yakipelekwa kwa watoto nyumbani.

"Ningewagombezaje? Mama ni mama. Nikaanza kuyamenya. Yai lisilo na ganda halisafiri."

Ujanja huo umewaweza wote, isipokuwa binti yake wa kwanza, mwenye mimba ya miezi sita. Huyo anakula ute, kiini anakisukuma pembeni. Harufu yake inamtapisha. Mama amekiponda kwenye viazi, amekificha kwenye mchuzi, wapi!

"Pua yake ingeajiriwa polisi," analalamika. Muuguzi humtuliza kwa kumwambia kwamba kolini ipo pia kwenye nyama na samaki. Binti hataki hata kuvisikia. Mganga hajigangi, na mpishi huyu halali vizuri kwa kumwazia mjukuu.

Mchana, foleni ikiwa imeisha, binti anakaa na sahani yake na kumweleza mwandishi wa makala haya jambo.

"Nilikuwa na miaka minne, mama hajaanza kupika hapa, ana mimba ya mdogo wangu. Kila akitoka kliniki ananifungulia leso, ndani kuna yai. Nilidhani wanagawia watoto. Nilipoanza kuja hapa ndipo nikajua lilikuwa la nani."

Mama Kiini, mlangoni, amesikia. Anaendelea kufuta sufuria iliyokwisha kukauka.

Binti anashika pua, anafumba macho, anatia nusu ya kiini mdomoni. Anatafuna taratibu, machozi yakimlengalenga. Anameza. Wote wanasubiri. Kimetulia.

Mama analia waziwazi, wala haoni aibu.

"Kliniki ijayo nitajaribu kizima," binti anasema. "Ila usinitazame hivyo, mama. Nitacheka, kitoke."