Picha ya Zimwi la Eburru

Nilikuwa nimechoka na picha za pasi. Kutwa nzima pale Bondeni, Nakuru, nilikuwa nyuma ya kamera yangu ya sanduku, ile ya miguu mitatu, nikipiga picha za watu walionuna. Ndipo Mama Chelagat, mjane wa Eburru, akaniletea jambo lake. Kwake ardhi hutoa mvuke, na majirani walisema ni pumzi ya zimwi. Wakwe wa binti yake walikuwa wamegoma kupeleka mahari kwenye boma lenye zimwi.

"Wewe kuja piga hiyo kitu picha," akasema. "Kama iko, waione. Kama hakuna, waone pia."

Mwili ulinisisimka. Zimwi, na kamera ni yangu!

Alfajiri ya Jumamosi tulipanda treni hadi Gilgil, vioo vyangu vya kunasia picha nimevifunga ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Lori la maziwa lilitusogeza mbele kidogo, kisha tukapanda mlima kwa miguu. Sikuhisi uzito wa kamera hata kidogo.

Saa saba mchana tulifika. Mvuke ulitoka kwenye ufa ukivuma, nikarudi nyuma hatua mbili. Mama Chelagat akacheka. Juu ya ufa alikuwa ameinamisha bati. Mvuke uligonga pale, ukageuka maji, yakatiririka ndani ya debe. Mto hakuna huko.

"Hii zimwi imeninywesha tangu niolewe," akasema, akanipa kikombe.

Nilipiga picha ya bati na debe. Nikampiga picha beberu wake aliyekuja kuchungulia. Halafu nikampiga mama mwenyewe akiwa katikati ya mvuke. Kwa papara zangu sikubadilisha kioo baada ya beberu, na sikujua mpaka niliporudi.

Jumatatu, Nakuru, nikasafisha na kuchapa. Picha ya kwanza ilikuwa safi. Ya pili ilinishtua: kiumbe chenye pembe, kirefu kama mtu, kikitoka mvukeni. Nililipata! Tayari niliiona dirishani, Bondeni nzima imepanga foleni.

Kisha nikaona miguu chini ya ukungu, na viatu vya mpira wa gari vya Mama Chelagat: picha yake na ya beberu zilikuwa zimechanganyika kwenye kioo kimoja. Wakwe wangevitambua mara moja. Wasingesema tena zimwi linakaa kwa Mama Chelagat. Wangesema ndiye yeye.

Roho iliniuma, siongopi. Nikakipasua kioo, nikachoma na karatasi yake.

Picha ya kwanza niliwapelekea wakwe, wakakubali kuja. Wiki tatu baadaye nilirudi Eburru kupiga picha za mahari. Baba wa bwana harusi alishika ile picha ya bati na debe, akaigeuza huku na huku.

"Sasa zimwi iko wapi?"

"Hata fundi wa Nakuru aliikosa," akajibu Mama Chelagat.

Wakanicheka wote, kisha wakaomba maji ya kunywa. Nami, niliyelipata zimwi peke yangu, nikakubali kwamba nililikosa. Siku hiyo nilijifunza kwamba sifa nazo humezwa, na zikishashuka hazisumbui tumbo.