Nafasi ya Onsongo Kulia kwa Nyumba

Kulia kwa nyumba ya Nyamongo, kule Nyacheki, palikuwa na kipande cha ardhi kisichopandwa kitu. Hatua sita kwa nne. Hapakuwa na mgomba wala sukuma wiki, na mbuzi hakufungwa hapo hata siku moja. Kila baada ya wiki mbili Nyamongo alishika panga, akafyeka nyasi, akafagia majani, kisha akaingia ndani kunywa uji wake. Mgeni angedhani mzee ana wazimu, maana pande zile watu hununiana miaka kumi kwa ajili ya mstari mmoja wa migomba. Wazimu hakuwa nao. Alikuwa akimngoja baba yake.

Baba huyo, Onsongo, aliuawa mwaka wa 1908, askari wa Mwingereza walipopanda milima ya Gusii kuwaadhibu watu, wakachoma nyumba na kuswaga ng'ombe. Nyamongo alikuwa na miaka sita. Alijificha na mama yake, Nyanchera, katika shamba la wimbi, na kutoka humo mama aliona mumewe akipigwa risasi mlangoni mwa zizi. Akawafuata askari kwa mbali hadi kambini kwao. Aliona maiti zikitupwa katika shimo moja, kando ya jiwe kubwa jeupe, na hakuna aliyeruhusiwa kukaribia. Baadaye kambi ile ikawa boma la serikali. Jiwe lilibaki, na kila mwaka lilipakwa chokaa ili lipendeze.

Wagusii humlaza mwanamume kulia kwa nyumba yake na mwanamke kushoto. Na jina la marehemu hupewa mtoto, ili lisipotee. Nyanchera aliweka sharti lake, naye hakuwa mwanamke wa kubishana naye: asiitwe mtoto yeyote Onsongo kabla mwenyewe hajalazwa kulia.

"Utamwitaje mtu aje akae kwa mtoto," alisema, "na yeye bado hajafika nyumbani?"

Nyanchera akafa, akazikwa kushoto. Nyamongo akapata wana wanne, kisha wajukuu saba, na katika wote hao hakuna aliyepewa jina lile.

Enzi za mkoloni Nyamongo hakuuliza kitu. Angemwuliza nani? Uende kwa aliyemuua baba yako, uvue kofia, useme naomba? Lakini mwaka wa 1963 bendera ilibadilishwa, na Nyamongo, maskini, akaamini. Januari iliyofuata alivaa koti lake la kanisani akaenda bomani.

Mezani alimkuta karani Obadiah, kijana wa mlima wa pili kutoka kwake. Mama yake Obadiah alikuwa akija kuomba moto kwa kina Nyamongo. Lakini ofisini Obadiah alizungumza Kiswahili tu, hata na watu waliomjua akiwa bado anatambaa.

"Shida yako nini, mzee?"

"Mimi nataka baba yangu," alisema Nyamongo kwa Kiswahili chake cha kubahatisha. "Iko hapa chini, karibu na hiyo jiwe. Nataka kupeleka yeye nyumbani."

"Una karatasi yake yoyote?"

Nyamongo akatoa kipande chake mwenyewe, kitambulisho alichovishwa shingoni enzi za mkoloni. Kilikuwa kimeandikwa Nyamongo mwana wa Onsongo. Serikali haikuwahi kumpa karatasi nyingine yenye jina hilo.

Obadiah akakisoma, akakigeuza. "Hii inaonyesha wewe ulizaliwa. Haionyeshi yeye alikufa."

Basi ndivyo mambo yalivyoanza, na yakaendelea miaka minane. Alete barua ya chifu, akaleta. Alete wazee wa ukoo. Akaleta watatu, na wawili wakafa kabla ya kuitwa tena. Arudi Jumatatu. Karani yuko likizo. Faili iko Nairobi. Ukitaka kumchosha Mwafrika huru, wala huhitaji bunduki, mwambie tu arudi Jumatatu.

Mwaka wa 1969 faili ikapatikana, na Obadiah akamsomea taarifa ya wazungu wenyewe kuhusu siku zile. Ng'ombe walikuwa wamehesabiwa hadi ndama wa mwisho. Nyumba zilizochomwa zilihesabiwa pia. Kuhusu watu, taarifa ilisema tu kwamba wakaidi walitiwa adabu. Nyamongo aliuliza kama jina la baba yake limo. Halimo. Akaomba asomewe tena, polepole, labda limerukwa. Obadiah, kwa wema wake, akasoma tena.

Nyumbani nako kulikuwa na Manasseh, mwanawe mkubwa, mwenye watoto watatu na ardhi ya kukalia tu. Chai ilikuwa imeingia Nyacheki, na kila mtu alikuwa akitafuta mahali pa kuchomeka mche.

"Baba, pale kulia inaingia miche ishirini," alikuwa akisema. "Babu mwenyewe hangekataa."

"Akija, mwulize," Nyamongo alimjibu, na mkewe Abigael akacheka jikoni.

Mei ya mwaka wa 1972 ikaja barua yenye muhuri: ombi lako linashughulikiwa, subiri. Hiyo ilitosha. Nyamongo aliiweka ndani ya Biblia. Abigael alinunua shuka jeupe la kufungia mifupa, akalifua na kulipiga pasi ingawa lilikuwa jipya. Orpah, mke wa Manasseh, alikuwa mjamzito tena, na kwa mara ya kwanza Nyamongo alithubutu kusema: akiwa mvulana, ni Onsongo.

Sabato moja mwezi wa Juni, baada ya ibada, alikuja Alfayo, fundi wa mawe waliyesali naye kanisa moja. Alionyeshwa kiti, hakukaa.

"Baba Manasseh, kuna jambo limeninyima usingizi. Mwezi jana tulichimba msingi wa ofisi mpya bomani, pale kwenye jiwe. Tukakuta mifupa. Mingi. Msimamizi akasema ni ng'ombe za wazungu wa zamani, tuendelee." Akatazama kofia yake mkononi. "Lakini ng'ombe havai bangili, Baba Manasseh."

"Mliiweka wapi?"

"Tuliichanganya na kokoto. Sasa zege liko juu yake. Mimi ndiye niliyelisawazisha."

Nyamongo hakumlaumu. Alimwambia Abigael ampe chai. Kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia kwa sauti, mzee wa miaka sabini, kuku wakimtazama.

Ofisi ilimalizika Agosti, na wiki hiyohiyo Orpah akajifungua mvulana. Mtoto alikaa siku sita bila jina, kwa sababu babu yake alikuwa na wazo moja lililobaki. Ikiwa baba hawezi kuja nyumbani, nyumbani kutamwendea. Nyamongo alichimba udongo kulia kwa nyumba, akaujaza kibuyu. Abigael akamnyoa kichwa kama anavyonyolewa mtu aliyefiwa. Udongo ukikaa naye, alimwambia mkewe, basi amefika, na mtoto atapewa jina lake.

Alipanga foleni na wengine. Ofisi ilinuka rangi. Jiwe halikuwapo, lakini kwa kuupima mlima kupitia dirishani alijua mahali pake: mbele kidogo ya meza ya Obadiah. Alipofika hapo akapiga goti, akamimina udongo wote juu ya saruji, akausawazisha kwa kiganja.

"Tata," alisema kwa Ekegusii, yaani baba, "nyumbani ni hapa. Nimekuletea."

Obadiah alisimama, akazunguka meza yake, akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wa mzee. Na kwa mara ya kwanza katika miaka minane alizungumza lugha ya mama yake.

"Tata, unisamehe. Bwana mkubwa yuko njiani, anakuja kufungua ofisi."

Kisha akaagiza ufagio.

Nyamongo alisimama kando akaangalia. Mfagiaji alifanya kazi yake vizuri, hakuacha hata punje pembeni. Udongo ukatolewa nje kwa karai, ukatupwa barabarani, na magari yakapita juu yake.

Alifika nyumbani alasiri. Abigael alikipokea kibuyu kitupu. Nyamongo akakaa mlangoni.

"Mtoto mwiteni Mogire," alisema. "Jina la babu yake Orpah. Ni jina zuri."

Akamwita Manasseh. "Na pale kulia, panda chai yako. Nimekwisha kungoja."

Manasseh akaenda kuchukua jembe. Akazunguka nyumba, akafika kwenye zile hatua sita kwa nne zilizofagiwa, akasimama pale muda mrefu. Aliporudi aliwaepuka wote kwa macho.

"Baba," alisema, "siwezi kulima leo. Jembe halina mpini."

Jembe lilikuwa begani mwake, na mpini wake ulikuwa mpya. Nyamongo aliutazama.

"Basi," alisema, "tutatafuta mpini."