Siku Nilipomwondoa Baba Mkwe Benchi la Mbele

Nyie, kuna aibu za kuchekesha, na kuna aibu ambazo ukizikumbuka uko peke yako jikoni unajikuta umeacha kukoroga uji mpaka unaungua. Hii yangu ni ya aina ya pili, na miaka yote nimeificha, ila binti yangu Nuru sasa ni mtu mzima na juzi ameniambia, "Mama, isimulie tu, huenda ikakutoka," basi nasimulia, mkicheka mcheke kidogo kidogo.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, vitu vimeanza kujaa madukani baada ya ile dhiki ya kupanga foleni ya sabuni, mimi nina meza yangu ya mitumba pale soko la Levolosi, mume wangu anaendesha watalii mbugani, na tukawa tunajiona tumefika (tulikuwa na friji, jamani, ingawa umeme ukikata tulikuwa tunalitumia kama kabati la vyombo). Mimi ni Mchagga wa Machame, nimeolewa Umeruni, na kila Jumamosi nilikuwa nampandisha Nuru kwa baba mkwe, juu ya Usa River, tunalala huko, Jumapili tunasali, jioni tunarudi mjini.

Sasa Jumatano moja natoka sokoni nimechoka, nafungua mlango, namkuta Nuru, miaka sita, amejipaka unga wa ngano uso mzima na mikono, mweupe pe, anajitazama kwenye kioo. Nikamuuliza, "We mtoto, unafanya nini?" Akanijibu kwa furaha kabisa, "Nimekuwa mzungu, mama. Wazungu ndio wazuri."

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka, maana pembeni ya kile kioo kulikuwa na kopo la krimu ya kung'arisha uso, na lile kopo halikuwa la Nuru (siku zile krimu hizo ziliingia kwa fujo, na mimi sikuwa nyuma, tuishie hapo). Nikasema huyu mtoto lazima afundishwe, ajue watu weusi walitendwa nini kwa rangi yao tu, asije akakua anajichukia. Lakini nitamfundishaje? Mimi nilizaliwa uhuru unakaribia, niliyasoma shuleni na nimeyasahau nusu. Nikaamua nimpeleke kwa babu yake, aliyeyaona kwa macho.

Baba mkwe hakuwa mtu wa maneno mengi. Jumamosi ile tulimkuta anawakatia ng'ombe majani, nikamwamkia, nikamweleza shida yangu nimeinama (mkamwana hamkodolei macho baba mkwe), akaweka majani chini, akamwita Nuru wakae kwenye kizingiti cha zizi. Akamsimulia. Kwamba kwao hasa ni Ngarenanyuki, ng'ambo ya mlima, kwamba yeye alikuwa bado kijana wakati Mwingereza aliposema ile ardhi sasa ni ya walowezi wa Kizungu, Wameru watoke. Walikataa, wakaja askari, nyumba zikachomwa moto na akiba ya chakula ikiwa ndani, yeye akaswaga ndama huku mama yake anatembea mbele hageuki nyuma. Halafu akaja kuwa kibarua kwenye shamba la mlowezi, ana ndevu na mke, anaitwa "boi" na mtoto wa miaka minane.

Nuru akamuuliza, "Babu, kwa nini waliwatoa?"

"Walituona si watu wa kukaa pale."

"Kwa sababu ya rangi?"

"Kwa sababu ya rangi, mjukuu wangu."

Nuru akamshika mkono, akaugeuza, akautazama, kisha akauweka wake pembeni. Mimi niko pale na ndoo ya maziwa nalia chinichini, na wakati huohuo najisifu moyoni kwamba leo somo limeingia. Na kweli liliingia, bwana.

Jumapili tulikuwa na wageni. Usharika wetu ulikuwa na urafiki na usharika mmoja wa Ulaya, na mimi, kwa kiherehere changu, ndiye katibu wa kamati ya mapokezi. Wiki tatu kwaya imefanya mazoezi ya wimbo wa kuwakaribisha, kuta zimepakwa chokaa, mimi nimeshona kitenge kipya na nywele nimeziweka dawa. Barua ilisema wageni sita, tukaandaa nafasi sita benchi la mbele, kwenye ncha ya benchi akabaki baba mkwe peke yake, maana pale ndipo alipokaa tangu kanisa lile lijengwe, na mawe ya msingi aliyabeba yeye na wenzake, hakuna aliyewahi kufikiria kumgusa.

Wakaja saba.

Yule wa saba alikuwa mama mzee wa Kizungu, mdogo wa umbo, amesimama na mkoba wake anatabasamu hajui akae wapi. Ofisini kwa mchungaji kulikuwa na viti vitatu, hatua kumi tu. Ningeweza kumwinua kijana yeyote. Ningeweza kumpa nafasi yangu mwenyewe! Lakini macho yangu yakaangukia koti la baba mkwe. Lilikuwa koti la kijivu, lina kiraka kwenye kiwiko, linanuka moshi na ng'ombe, na mimi (nasema kweli mbele ya Mungu) tangu asubuhi nilikuwa naliangalia lile koti naomba wageni wasikae karibu nalo. Nikamsogelea, nikamnong'oneza, "Baba, samahani, naomba usogee nyuma kidogo, mgeni hana pa kukaa."

Alinitazama. Nadhani alidhani hajasikia vizuri. Kisha akainuka, taratibu, na fimbo yake ikamponyoka ikaanguka kwenye sakafu ya saruji, paa! Kanisa zima likageuka. Na kutoka kwenye mkeka wa watoto pale mbele, nikasikia sauti ya mwanangu:

"Mama! Babu amekosa nini?"

Nikaweka kidole mdomoni. Nikamtolea macho. Mtoto gani, ndiyo kwanza akasimama.

"Mbona unamtoa kama wale wa Ngarenanyuki? Na wewe umemwona si mtu wa kukaa pale?"

Jamani. Ningepata shimo ningeingia na kitenge changu. Wazee waliokuwa pale, nusu yao walitolewa Ngarenanyuki au wazazi wao walitolewa, wote wakanigeuzia macho. Nikasema moyoni, afadhali wageni hawajui Kiswahili. Lakini yule mama wa Kizungu akamgeukia mkalimani wetu, mwalimu mstaafu, mtu mwaminifu asiyejua kuficha neno, akamuuliza mtoto anasema nini. Na mwalimu akainua kipaza sauti, kwa sababu aliambiwa atafsiri kila kitu, akatafsiri kila kitu, na Ngarenanyuki akaieleza ni wapi na palifanyika nini.

Yule mama akawa mwekundu shingo mpaka masikio. Akamfuata baba mkwe katikati ya kanisa, akamshika mkono, anamwonyesha benchi, machozi yanamtoka. Baba mkwe akautoa mkono wake kwa upole, akasema, "Asante mama, kaa tu. Wewe ni mgeni." Wale wageni sita kuona mwenzao kasimama, nao wakasimama. Waumini kuona wageni wamesimama, wakadhani ni sala, nao wakasimama, wengine wameshafumba macho. Nikachanganyikiwa, nikawapungia kwaya mkono waokoe jahazi, wafanye chochote, na wao wakafanya walichofanyia mazoezi, wakaanza "Karibuni wageni" kwa makofi na vigelegele, na baba mkwe akatembea peke yake mpaka benchi la mwisho kabisa, kando ya mlango, wanakokaa kina mama wenye watoto wanaolia, na kwaya nzima inapiga makofi nyuma ya mgongo wake.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na hakuna aliyeniambia. Mume wangu aliporudi safari alikaa siku mbili hanisemeshi.

Kwetu Machame na kwao Meru, ukimkosea mtu kosa kubwa unakwenda kwake na jani la isale, na mtu akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Nikalichuma, nikaenda, nikapiga magoti pale uani. Akalipokea kwa mikono miwili. Nikashusha pumzi. Ndipo akasema, "Nimelipokea, sina neno na wewe. Ila mbele sirudi. Wale walionitoa kule hawakunijua hata jina. Wewe umekula kwangu."

Na hilo silo lililonimaliza.

Miezi miwili mitatu baadaye nilikuwa na Nuru mjini, tumekaa kwenye mgahawa mmoja, anakunywa soda yake na andazi, wakaingia watalii wawili, kijana na mkewe, wanaangaza macho, viti vyote vimejaa. Na kabla sijafungua mdomo, mwanangu akainuka. Hakuna aliyemwambia. Akachukua chupa yake na andazi lake, akaenda akasimama ukutani, akawaonyesha kiti kwa mkono. Walimwambia asante, wakamsifu ana adabu, na mimi nilihisi kama nimepigwa kofi. Nilimpeleka kwa babu yake ajifunze ubaguzi wa watu wengine, kumbe alikuwa ameshajifunza wa mama yake.

Nikamwita, "Njoo ukae, Nuru."

"Lakini mama, ni wazungu. Si ndivyo tunavyofanya?"

Nikamvuta nikamkalisha mapajani, mbele za watu, nikamwambia sivyo, nikamwambia siku ile kanisani mama alikosea, hakuna aliyenilazimisha, hata yule bibi wa Kizungu hakutaka, ni mimi mwenyewe niliyemwona babu yako kuwa si kitu. Akanisikiliza huku anatafuna. Kisha akaniuliza, "Umeshamwomba msamaha?"

"Nimemwomba."

"Sasa mbona bado anakaa mlangoni?"

Lile kopo la krimu nililitupa, ukatibu wa kamati nikauacha, na nimeapa kwamba popote nilipo, kiti kikipungua wa kwanza kusimama ni mimi, hata aje mfalme wa wapi, na mzee wa watu haguswi. Lakini kiapo changu kilichelewa. Kila Jumapili nilikuwa naiacha nafasi yake wazi pale mbele, na kila Jumapili yeye anakaa kule kule nyuma, ananiitikia salamu vizuri tu, anambeba Nuru. Masika ya mwaka wa pili akaugua kifua, hakumaliza mwezi. Siku aliyorudi mbele, wanaume sita ndio waliombeba.