Kibendera cha Gari la Balozi

Wiki ile Mama Bendera hakukaa wala hakutulia. Akikaa anainuka, akiinuka anakwenda dirishani, na dirishani kwenyewe hakuna cha kuona ila ua wa magari ya Wizara ya Mambo ya Nje na madereva wanaopiga soga. Simu alikuwa nayo mfukoni mwa aproni, na kila mara aliipapasa kuhakikisha ipo.

Jina lile alipewa na watu wa kazini, naye hakulikataa. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido ya chini: meza ndefu ya kupigia pasi, cherehani, na rafu zenye bendera za nchi za watu, zimekunjwa vizuri kuliko hata nguo zake za sikukuu. Mgeni akija, mkuu wa itifaki hutuma neno: toa bendera fulani, inyooshe. Sababu haambiwi, wala haulizi. Lakini mtu hawezi kunyoosha bendera miaka yote hiyo asijifunze kubashiri. Bendera ikitoka, mgeni yuko njiani. Ikikaa rafuni ikala vumbi, ujue watu wamenuniana. Shemeji yake humtania kwamba yeye ndiye redio ya kweli ya nchi, ile nyingine inapiga muziki tu. Na tuseme ukweli, utani ule ulikuwa unamkuna hasa.

Nchi yao ni kubwa, na ukubwa wenyewe inaujua. Majirani wakikosana huitwa kwake kupatanishwa. Yenyewe ikikosana na jirani, hakuna wa kuiita. Safari hii ugomvi ulikuwa na nchi ndogo ya ng'ambo ya mto, kisa bwawa la umeme. Walianza kwa kurushiana maneno, wakaja kwenye kupekua mizigo ya wafanyabiashara, na sasa foleni ya mpakani ilikuwa ya kutwa nzima. Wakubwa wanavimbiana, anayeumia ni mwenye safari.

Na Mama Bendera alikuwa na mwenye safari wake. Binti yake wa pekee aliolewa ng'ambo huko, na tumbo lilikuwa kubwa, siku zimekaribia. Mimba ya kwanza ilimharibikia huko huko, mama yake akiwa mbali, na tangu hapo wawili hao walikubaliana: safari nyingine atakuja kujifungulia nyumbani, mama akiwa pembeni amemshika mkono. Sasa binti alikuwa anapiga simu kutwa kuuliza aje au asubiri. Mama akifikiria ile foleni, lile jua na yule mtoto tumboni, anamwambia atampigia baadaye.

Ndipo neno likaja kutoka kwa mkuu wa itifaki. Kibendera cha gari cha nchi ile ya ng'ambo kinatakiwa asubuhi, kiwe kimenyooka, na uzi wa pembeni usichomoze hata mmoja.

Mama Bendera alishusha pumzi kwa mara ya kwanza wiki nzima. Kibendera cha gari hakitolewi bure. Mgeni anakuja, na mgeni akija watu wanapatana. Alikipiga pasi kwa mapenzi, akitabasamu peke yake. Kisha akatoka koridoni akampigia binti yake. Binti alikuwa na habari: jirani ana gari linaondoka alfajiri, amemwekea kiti cha mbele, na mkoba ameshaufunga.

"Ufungue," mama akasema. "Usijitese na foleni. Wanapatana hao. Mpaka ukifunguliwa vizuri nakuja kukuchukua mwenyewe."

"Mama, una hakika?"

"Bendera yao nimetoka kuinyoosha sasa hivi, kwa mikono hii."

Binti akacheka, akasema haya, kama ni hivyo anakwenda kulala.

Asubuhi Mama Bendera alikipeleka kibendera uani mwenyewe. Dereva wa gari jeusi akakifunga kwenye kijiti chake mbele ya gari. Mama, uso umemkunjuka, akamuuliza mgeni anatua lini. Dereva akamwambia hakuna anayetua. Yeye anakwenda kumchukua balozi wa ng'ambo ubalozini kwake ampeleke uwanja wa ndege, maana ameamriwa aondoke nchini leo hii.

Alidhani anataniwa. Katika miaka yake yote pale hakuna balozi aliyewahi kufukuzwa. Akamfuata mkuu wa itifaki, aliyekuwa ngazini anafunga vifungo vya koti, akamuuliza, yeye ambaye hakuwahi kuuliza kitu. Mkuu hakumkaripia.

"Tunamfukuza, Mama, lakini mpaka apande ndege bado ni balozi," alisema. "Anatoka na gari letu na bendera yake. Ndiyo itifaki."

Na mpaka wa mtoni? akauliza Mama. Umefungwa asubuhi hii, pande zote mbili, mkuu akajibu, akaingia garini.

Mama Bendera alirudi chumbani, akafunga mlango. Hasira zilimpanda: hasira na bwawa, na wakubwa, na mkuu na vifungo vyake, na zaidi na yeye mwenyewe aliyejifanya anajua. Alizunguka ile meza mpaka kizunguzungu kikamshika, kisha akapiga simu.

Binti alikuwa ameshasikia. Gari la jirani lilivuka alfajiri, kiti cha mbele kitupu. Hakulia wala hakulaumu, na afadhali angelaumu.

"Mama, sasa nani atanishika mkono?"

Mama Bendera akaomba apewe mama mkwe wa binti. Mwanamke yule alikuwa ameomba tangu mwanzo mjukuu azaliwe mikononi mwake, na Mama Bendera ndiye aliyemkatalia, tena kwa maneno makavu. Simu ikapokewa bila salamu.

"Mkwe wangu," Mama Bendera akasema, "ile nafasi niliyokunyima, nakuomba uichukue. Tangu utotoni, akisikia maumivu huung'ata mkono wake mwenyewe. Mimi nilikuwa nampa wangu. Sasa mpe wako."