Waomba Chumvi wa Matemwe

Kabati la Bi Mwanakheir lina milango miwili, na mmoja haufungiki kwa sababu ya maendeleo. Ndani mna fulana sita za miradi sita, mikoba ya kitambaa iliyoandikwa maneno mazito, vikombe vyenye picha ya kitabu kilichofunguka, na saa ya ukutani ambayo haijatembea tangu siku mgeni rasmi alipoizindua. Kila mradi ulikuja Matemwe kuleta mageuzi ya elimu. Kila mradi ulikaa muda wake, ukapiga picha zake, ukaenda zake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwenyeji amepona fulana.

Huyu Bi Mwanakheir anafundisha kisomo cha watu wazima mwaka wa thelathini na nne sasa. Aliishia kidato cha pili, akaolewa, akaachwa, akarudi kwao. Wiki aliyorudi, mama yake alikunywa dawa ya kupaka, kwa kuwa chupa zote mbili zilikuwa za rangi moja na maandishi hayakumwambia kitu. Mama alipona. Bi Mwanakheir akachukua kipande cha mlango wa choo, akakipaka rangi nyeusi, akaanza na mwanafunzi mmoja. Mwaka uliofuata walikuwa kumi na tisa, na darasa likahamia katika banda la kuhifadhia mwani, walipo mpaka leo.

Hakuna aliyemsomesha namna ya kufundisha, kwa hiyo ilimbidi atumie akili. Kwanza, ratiba yake haijui Jumatatu wala Alhamisi. Maji ya bamvua, bahari inapokupwa mbali, wanawake wote wako huko chini wanafunga mwani kambani, na hata malaika akishuka kufundisha atafundisha mabenchi. Yakija maji mafu, bahari isipokupwa mbali, mikono huwa huru na darasa hujaa. Pili, aligundua kwamba hawa wanaoitwa wajinga wa kusoma karibu wote wamehitimu msahafu tangu wadogo. Herufi wanazijua, ila si hizi. Basi huandika be ya Kiarabu upande mmoja wa ubao na b upande wa pili, akasema, "Huyu ni yule yule, kavaa suruali." Baada ya miezi sita mtu anasoma gazeti. Aliyeuliza jina la mbinu hiyo aliambiwa haina jina, naye akasikitika sana.

Mradi wa saba uliitwa Elimu ya Maisha. Uliletwa na Daktari Ayoub, mtafiti wa mjini, mpole, msafi, mwenye miwani na msamiati. Alifuatana na msaidizi wake Nadra, msichana wa Chukwani aliyebeba kishikwambi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa watu. Banda likafagiliwa, sambusa zikaletwa, karatasi kubwa zikabandikwa ukutani. Daktari akaeleza kwamba dunia imebadilika, na kwamba sasa kuna utafiti na ubunifu wa kumwezesha binadamu kujifunza tangu kuzaliwa mpaka kufa.

"Elimu ya Maisha," alirudia Riyama, mkulima wa mwani ambaye ulimi wake haujui likizo. "Kama kile kifungo cha maisha?"

Watu wakacheka. Daktari naye akacheka, nusu dakika baadaye.

Bi Mwanakheir alinyoosha mkono akasema habari ya maji: kwamba mradi wowote utakaopanga siku bila ya kuangalia bamvua utakosa watu. Daktari akamsikiliza kwa heshima zote, akajibu, "Tutalizingatia." Kwa Kiswahili cha warsha, neno hilo maana yake ni hapana.

Kisha ikafuata tathmini ya awali. Nadra alikaa na Bi Mize, mwanamke wa miaka sabini na moja aliyekuwa na miezi mitatu tu darasani. Ilikuwa lazima aeleze kilichomleta shuleni katika umri ule, naye alieleza bila ya kuficha. Wapwa zake walimletea karatasi, wakamwambia ni ya kupimiwa shamba, akatia dole gumba. Karatasi ilikuwa ya kuuza. Minazi yake leo ni bwawa la kuogelea la hoteli, na kila akipita huona wageni wamelala pembeni ya maji ya bomba, na bahari iko hatua hamsini.

"Dole hili," alisema akalinyanyua, "halitoki tena bila ya mimi kujua linakokwenda."

"Pole, bibi," alisema Nadra, na kweli alimwonea huruma. "Sasa, unajua kusoma?"

"Nshahitimu msahafu mara tatu."

Nadra akaangalia kishikwambi. Kilikuwa na visanduku viwili, Anajua na Hajui, na sentensi moja ya kupimia: Juma ana mpira. Akamwonyesha.

"Huyu simjui," alisema Bi Mize.

Nadra akagusa Hajui.

Wiki mbili baadaye Daktari akarudi na habari. Kompyuta, kwa uadilifu wake, ilikuwa imegawa vijiji mafungu mawili. Kule Paje kungefundishwa kwa vishikwambi, kila Jumanne na Alhamisi asubuhi. Matemwe yao ilikuwa imeangukia kundi la udhibiti.

"Kudhibitiwa?" Riyama aliruka. "Sie tumemkosea nani?"

Daktari akafafanua kwamba si adhabu, ni heshima ya kisayansi. Ili ijulikane kwamba mafunzo ya Paje yanafaa, lazima pawe na mahali ambapo watu hawafundishwi kitu kabisa, wapate kulinganishwa. Halafu akamgeukia Bi Mwanakheir, akampa cheti chenye fremu, Mshirika wa Utafiti, akamwomba kwa adabu asifundishe miaka miwili. Baada ya hapo zamu ya Matemwe itafika, na mambo makubwa yatakuja.

Nifanye haki niseme ukweli: alikubali. Miaka yote hiyo alikuwa hajapewa hata karatasi yenye jina lake, na leo jina liko ndani ya kioo, limeandikwa sawasawa, mpaka ile h ya kheri ambayo watu huila. Alikitundika cheti sebuleni, akafunga banda kwa kufuli. Siku nne hakuweza kula vizuri. Aliona haya mbele ya kila mwanamke aliyempita njiani na ndoo kichwani, na haya ile ilikuwa ya haki yake.

Siku ya tano yakaingia maji mafu. Alasiri Bi Mize akabisha hodi, na kibakuli mkononi.

"Karibu, Bi Mize. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kuomba chumvi."

Bi Mwanakheir akainuka kwenda jikoni. Aliporudi, Bi Mize alikuwa amekaa mkekani, amefungua daftari lililokuwa ndani ya kanga.

"Bi Mize, nimekatazwa. Miaka miwili tu, kisha—"

"Miaka miwili kwako wewe. Mie kwa umri huu, miaka miwili naomba kwa Mungu, siombi kwa daktari." Akagonga daftari kwa kidole. "Juzi wapwa zangu wamenijia tena na karatasi, ya kiambo hiki ninachokaa. Nimewaambia nnaumwa. Nitaumwa mpaka lini? Haya, tulikomea f."

Bi Mwanakheir alisimama na ile chumvi, akamtazama mzee wa watu, na macho yakamjaa. Kisha akakaa chini, wakaendelea na f.

Kesho yake walikuja watatu kuomba chumvi. Maji mafu yaliyofuata walikuwa kumi na wanne, kila mmoja na kibakuli. Bi Mwanakheir ni mtu wa dini na hapendi uongo, kwa hiyo alisimamia kwamba kila mwanafunzi aondoke na chumvi kweli, japo punje. Kwa hivyo Nadra alipopiga simu, kama alivyopangiwa kila mwezi, jibu lilikuwa halali kabisa.

"Kuna shughuli yoyote ya kujifunza hapo, Bi Mwanakheir?"

"Hapana, mwanangu. Watu wanakuja kuomba chumvi tu."

"Wengi?"

"Hasa wakati wa maji mafu."

Nadra, mwaminifu kwa kazi yake, aliandika kwenye sehemu ya maoni kwamba jamii ina uhaba mkubwa wa chumvi. Na kwa kuwa kwenye miradi hakuna kisomwacho haraka kama shida isiyohusika, mwezi wa nane gari likashusha katoni sita za chumvi yenye madini joto, msaada wa dharura, kwa kijiji ambacho bahari inaingia mpaka uani. Zikapigwa picha. Kila nyumba ikapata pakiti nne.

Hapo ikawa taabu. Nani tena ataomba chumvi? Riyama akakuna kichwa usiku mmoja, asubuhi akawa wa kwanza kubisha hodi.

"Nimekuja kurudisha," alisema.

Wakarudisha chumvi mwaka mzima.

Miaka miwili ikatimia. Huko Paje mambo yalikuwa yamekwenda kisayansi: kila bamvua iliyoangukia Jumanne, vishikwambi vilifundisha mabenchi. Matokeo yakawa ya kutia wasiwasi, na Daktari Ayoub akaamua kwamba utafiti unahitaji muda zaidi. Akaja Matemwe na Nadra, na sambusa, na fomu ya ridhaa, na kidau cha wino wa dole gumba.

"Ni fomu ya kawaida tu," aliwaambia wanawake waliojaa bandani. "Inasema mmefurahi kushiriki, na mnakubali kuendelea na mradi. Wale ambao hawajui kusoma wasiwe na wasiwasi, wino upo."

Fikiria jambo hilo taratibu, kwa sababu yeye hakulifikiria. Ameleta karatasi kwa watu aliowazuia kusoma, ili wakubali kwa hiari zao.

Bi Mwanakheir alikuwa amekaa nyuma. Angeweza kusimama, akaisoma ile fomu kwa sauti, na kila mtu angejua. Lakini basi ingekuwa tena mwalimu anasoma na wao wanasikiliza. Alibana midomo, akaangalia migongo ya wanafunzi wake.

Nadra akaanza na mkubwa wao kwa umri. Akaweka karatasi mbele ya Bi Mize, akafungua kidau. Bi Mize hakunyoosha dole. Alinyoosha kidole cha shahada, akakiweka chini ya neno la kwanza.

"Mi-mi," alisema. "Mimi... ni-na-ku-ba-li... kwa hi-a-ri... ya-ngu..."

"Bibi, si lazima," alisema Daktari, kwa upole ulioanza kutoka jasho.

"Niache, baba, nimekaribia." Kidole kikasogea. "Kwamba ki-ji-ji cha-ngu... ki-e-nde-le-e... kuwa ku-ndi la... u-dhi-bi-ti..." Akapumua. "Kwa mi-a-ka mi-ta-tu zaidi. Bila ya... ma-fu-nzo."

Wanawake kumi na wengine zaidi wakavuta fomu zao na kuanza kusoma, kila mmoja kwa mwendo wake, mpaka banda likawa na sauti kama chuo cha Kurani alfajiri.

Daktari alivua miwani. "Bi Mize, umejifunza wapi kusoma?"

"Kwani nimejifunza? Mie nilikwenda kuomba chumvi."

Nadra aligeuka akamtazama Bi Mwanakheir, kisha akacheka mpaka kishikwambi kikamwanguka. Bi Mize akaomba kalamu. Palipoandikwa Dole gumba akaandika, kwa herufi za kulala huku na huku: Mize binti Mkubwa. Sitaki.

Daktari akaeleza kwamba fomu haina nafasi ya Sitaki.

"Ndiyo nshaiweka," alisema Bi Mize.

Mwezi ule ule wapwa walirudi na karatasi ya kiambo. Aliisoma mlangoni, herufi kwa herufi, wao wamesimama juani wanangoja. Alipofika pale penye neno kuuza, aliwarudishia karatasi yao na kuwatakia safari njema.

Ripoti ilizinduliwa Mji Mkongwe, katika hoteli yenye ukumbi wa baridi. Bi Mwanakheir hakualikwa, ila Nadra alimletea nakala kwa mkono wake mwenyewe, na safari hii hakuleta kishikwambi. Ripoti ilikuwa na kurasa tisini. Ukurasa wa arubaini na moja ulitangaza ugunduzi: ratiba za kujifunza katika jamii za pwani zifuate majira ya maji. Ugunduzi ulikuwa umepewa jina refu na mchoro wa rangi. Ukurasa wa sabini ulisema kwamba kijiji kimoja cha kundi la udhibiti kimeondolewa katika uchambuzi kwa sababu ya uchafuzi wa takwimu.

Bi Mwanakheir alikasirika kama hajawahi. Alilala nayo hasira, akaamka nayo. Alasiri, maji yakiwa mafu, akaenda bandani, akakata ukurasa wa sabini, akaubandika ubaoni.

Wakasoma wote, sentensi kwa sentensi, wakisaidiana pale maneno yalipokuwa marefu. Iliwachukua muda. Katika watu wote wa ripoti ile, walioiandika na walioizindua, pengine ni hawa tu waliousoma ukurasa ule mpaka mwisho.

"U-cha-fu-zi," alimaliza Bi Mize, akavua miwani yake ya kusomea, akaipangusa kwa ncha ya kanga. "Mwalimu, uchafu wenyewe ni nini?"

"Ni kusoma, Bi Mize."

"Alaa." Akavaa tena miwani, akafungua daftari ukurasa mpya. "Basi tuongeze."