Glasi ya Maji kwa Mama Mdogo

Tangu turudi kutoka Uganda nilikuwa nikiwaambia watu kwamba kwetu ni kule bondeni, kusini kidogo mwa Juba, ambako Nile hujigawa kwenye visiwa na kilima cha Rejaf huonekana ng'ambo. "Kwetu" nililitamka kwa mdomo mpana. Ukweli ni kwamba sikuwa nimekanyaga huko hata siku moja, ingawa kutoka kibanda changu cha vitenge pale sokoni Sherikat ni mwendo mfupi wa pikipiki. Kila Jumamosi nilikuwa na sababu. Mama, ambaye miguu yake imevimba na hawezi kwenda popote bila kupelekwa, alichoka kuniomba akanyamaza.

Mwaka huu akaomba tena. Alitaka kuondoka kwenye chumba chetu cha kupanga mtaani Malakia, akamalizie siku zake kwa mdogo wake, yule aliyebaki kijijini sisi tulipokimbia. Lakini hakutaka kwenda kujitupa. Akaniambia nitangulie, nimsalimie mama mdogo, niangalie kama bado tuna mahali pale, kisha nimletee habari.

Nikamchukua jirani yangu wa sokoni, Mganda anayeuza mboga, nimwonyeshe ninakotoka. Njiani ndipo aliponiambia, huku akicheka, kuwa bamia zake zote hununua huko huko. Sikupenda kulisikia hilo.

Bonde ni zuri, sitadanganya. Bustani zinateremka mpaka majini, na mto unapita bila haraka. Nilipiga picha nyingi, na karibu zote zina uso wangu mbele.

Mama mdogo alipotoka ilibidi nijitambulishe, tena kwa Kiarabu cha Juba, maana Kibari changu, lugha yetu wenyewe, kinaishia kwenye salamu. Alinikumbatia, akamlilia dada yake kidogo. Nilipomwambia Mama anataka kurudi, alisema karibuni sana, karibuni wakati wowote. Kisha akaagiza kiti, kikafutwa vumbi. Nikaletewa maji kwenye glasi, glasi juu ya sinia, na binti aliyeyaleta akapiga goti. Jirani yangu hakuletewa kitu. Aliposema ana kiu, mama mdogo alimwonyesha kwa kidevu mtungi uliokuwa mlangoni, akaendelea kuzungumza nami.

Nilimwonea huruma. Nikamnyooshea glasi yangu.

"Keti tu, dada," akasema. "Mimi najua pahali kikombe iko."

Akachota, akanywa, akavua viatu na kuingia jikoni. Nilimsikia akitaniana nao kwa Kibari chake cha kununulia bamia, na baadaye akatoka na unga mikononi. Mimi nilikaa kitini kama bibi harusi, nikala kuku peke yangu, kichwa kimevimba kwa sifa.

Niliporudi Malakia nilimkuta Mama ameketi kitandani. Shuka zake alikwisha kuzikunja na kuzipanga ndani ya begi. Nikamsimulia yote: kiti, goti, sinia, kuku, walivyonisindikiza hadi barabarani. Nilingoja acheke.

"Ule mtungi bado uko mlangoni?" akauliza.

Nikasema uko.

"Ulichota mwenyewe?"

Nikamwambia hapana, waliniletea, tena kwenye glasi. Aliyejichotea ni yule Mganda.

Mama alitazama miguu yake. "Pale kwetu mtoto wa nyumbani haletewi maji," akasema. "Anayeletewa ni mgeni."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimwonea huruma mwenzangu kwa kuwa hakuheshimiwa, kumbe yeye ndiye waliyemhesabu kuwa wa kwao. Mimi walinipa kiti. Nao hawakunikosea chochote: mtu aliyekaa mwendo mfupi hivyo, mwaka baada ya mwaka, asifike hata kusalimia, wamwiteje? Na mlango nilioufunga haukuwa wangu peke yangu, ulikuwa wa Mama pia, ambaye kosa lake ni miguu tu.

Nikamwambia Jumamosi hii nitarudi. Nitachota, nitatwanga, nitalala huko. Mama alivuta begi, akaanza kutoa shuka moja moja na kunipa nizirudishe sandukuni, nami nikazipokea.